Adabu Niliyorudi Nayo

Neema mwanangu,

Nakala za vyeti vyako ziko tatu: moja kwenye mkoba wa mkononi, moja chini ya sanduku, na moja nimebaki nayo mimi. Habari za masweta, dawa na namba za simu mama yako ameshakueleza, na najua atazieleza tena kesho kabla treni ya jioni haijaingia. Kwa hiyo sitakuandikia namna ya kuishi Uchina. Sijafika huko, na hata kule nilikofika sikuishi vizuri.

Nimeanza kuandika jua lilipopungua ukali, nawe uko uani na mama yako mnakunja nguo. Nawasikia mnavyocheka. Kutoka mezani hapa hadi uani ni hatua kumi, ningeweza kuja kukuambia kwa mdomo. Lakini unanijua. Mimi ni mtu wa masjala; jambo likinitisha nalitafutia karatasi. Nitaiweka barua juu ya sanduku lako uisome leo leo, kwa sababu kuna jambo moja nataka ulifanye kesho asubuhi, na sipendi ulifanye bila kujua sababu yake.

Linamhusu Mzee Kondo, fundi cherehani wa Kanyenye.

Unamkumbuka, ingawa hatumtaji nyumbani. Ulipokuwa mdogo ulishinda barazani kwake ukiokota vipande vya vitambaa, kwa kuwa cherehani yake ilikuwa mlango wa pili kutoka karakana ya babu yako. Ulisikia walivyokuwa wakiamkiana. Mzee Kondo akifika asubuhi, kabla hajavua hata kofia, anapaza sauti: "Masanja! Bado uko hai? Nimekushonea suti ya kuzikiwa, itaniozea hapa dukani."

Na babu yako, randa mkononi, bila kuinua kichwa: "Suti ya Mzaramo naijua. Mkono mmoja mrefu, wa pili umeshatangulia ngomani."

Miaka zaidi ya thelathini walitukanana hivyo. Wateja walisimama kusikiliza. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao amenuna.

Babu yako aliwahi kunieleza utani huo ulikotoka, nami sikukueleza wewe. Hilo nalo ni kosa langu. Alisema zamani kijana wa Unyamwezi alikuwa hahesabiwi mtu mzima mpaka abebe mzigo kutoka huku Unyanyembe hadi pwani, aione bahari, arudi. Ni miezi ya kutembea. Wengine waliugua njiani, wakaachwa kwenye vijiji vya watu wasiowajua. Waliokufa hawakuwa na baba wala mjomba wa kuwafukia. Waliowafukia ni wenyeji, Wagogo na Wazaramo. Mtu akishamzika ndugu yako aliyefia ugenini, huwezi tena kumwita mgeni, wala si ndugu yako wa damu. Akapewa nafasi yake mwenyewe: aingie kwako bila hodi, achukue kuku wako, akutukane mbele za watu, na siku ya msiba wako awe wa kwanza kufika na wa kwanza kuchekesha. Nawe huna ruhusa ya kumkasirikia. Hiyo ndiyo sheria pekee ya utani, na babu yako alinitajia akiwa amesimamisha kidole.

Sasa nikuambie safari yangu.

Nilipelekwa Uholanzi kusomea utunzaji wa kumbukumbu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa karani mwoga kama ninavyoonekana leo. Niliogopa mkuu wangu wa kazi, niliogopa mhuri kupotea, niliogopa kuongea kwenye kikao. Nilidhani safari ingenitoa woga. Miezi tisa niliyokaa kule nilifurahia jambo moja kuliko yote: watu walikuwa wapole kwangu. Hakuna aliyeniuliza nimeoa lini, wala aliyeniambia nimenenepa. Hakuna aliyenitania. Nikayaita yote hayo heshima. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni kwa sababu hawakunijua, na kwamba mimi nami sikuwapa nafasi ya kunijua.

Alifariki mzee mmoja wa ghorofa ya juu, na mama mwenye nyumba wangu akanialika mazishini. Kadi iliandikwa saa nne na nusu. Wakaanza saa nne na nusu. Makoti meusi, muziki wa taratibu kutoka kwenye spika, watu watatu wakasoma kwenye karatasi. Hakuna aliyelia kwa sauti. Baadaye kahawa na kipande kimoja kimoja cha keki, kisha kila mtu akashika njia yake. Nilitazama saa yangu: dakika hamsini. Nikajiambia moyoni, Neema, na neno hili nalikumbuka hasa lilivyokuwa: "Hawa ndio watu."

Jioni ile mama mwenye nyumba aligonga mlango wangu. Akauliza kama ningependa kunywa chai naye jikoni. Nikajibu nina mtihani. Akasema sawa, samahani kwa usumbufu, akashuka. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni muda mrefu, peke yake, na bado sikuelewa nilichokuwa nimeombwa. Niliyaona makoti yao nikadhani nimewaona wenyewe.

Kulikuwa na mambo mema ya kuchukua kule. Niliwahi kumsikia karani kijana kama mimi akimwambia mkubwa wake, mbele ya wageni, "Hapo umekosea," na mkubwa akashukuru. Hilo lilinishangaza kuliko treni zao. Lakini mtu hubeba kilicho chepesi. Nilirudi Tabora na uma na kisu, na saa ya mkononi, na neno "wenzetu kule." Ule ujasiri niliuacha ulipokuwa.

Siku niliyopita Kanyenye kumsalimia babu yako, Mzee Kondo alinizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mpagazi karudi toka pwani ya Wazungu! Babu zako walirudi na shanga na kaniki. Wewe umebeba nini?"

"Shikamoo, mzee. Nimebeba cheti."

"Cheti! Masanja, mwanao katembea njia yote ile karudi na karatasi. Haya, tuipikeje?"

Watu walicheka. Babu yako alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitabasamu kwa meno tu, na nikaanza kuhesabu ni akina nani waliokuwa wakitazama. Hapo ndipo ungeweza kuona safari ilivyonibadilisha. Nilikwenda nikiwa na watu wachache wa kuwaogopa; nikarudi nao wengi zaidi, na wengine hata hawakuwepo. Nilikuwa nikitembea hapa mjini huku nikijitazama kwa macho ya watu wa kule. Nilimwona mama yangu anavyokula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa kelele, nikaona haya. Niliona haya kwa ajili ya karakana, kwa ajili ya mtaa wetu wa Cheyo, kwa ajili ya salamu zetu ndefu.

Miezi mitatu baadaye babu yako akafariki.

Unakumbuka turubai, na watu wengi. Huenda hukujua kwamba wiki ile ile mwalimu wangu mmoja kutoka Uholanzi alikuwa amekuja kwa siku mbili kutazama majalada yetu ya zamani. Kwa adabu, aliomba kuja msibani. Nilimweka mbele kwenye kiti cha plastiki, nikampa maji ya chupa, na nikasimama karibu naye kama mlinzi. Nilikuwa nimechapisha ratiba. Kutoa heshima za mwisho saa saba, kuondoka nyumbani saa nane kamili. Baba yangu alikuwa amelala ndani ya jeneza la mninga alilolitengeneza kwa mikono yake, na mimi nilikuwa nikitazama saa.

Saa nane kasorobo Mzee Kondo akaingia.

Alikuwa amevaa aproni ya kazi ya babu yako, ile yenye mifuko ya misumari. Begani alibeba mti, na kwenye ncha ya mti kafunga bunda la matambara kama mzigo wa msafara. Alichechemea kwa mguu wa kushoto, hasa hasa kama marehemu alivyochechemea. Mchungaji mwenyewe alishindwa, akaficha mdomo kwa kitabu. Mzee Kondo akaenda moja kwa moja mlangoni, akalala kizingitini chali.

"Hatoki mtu! Huyu Mnyamwezi ni mpagazi wangu, na safari haijaisha. Nani kampa ruhusa ya kupumzika? Masanja! Inuka, mvivu wewe! Tumefika Ugogo tu, unajifanya umechoka?"

Bibi yako, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajatia hata uji mdomoni, akaangua kicheko. Alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga paja, akasema, "Mwambie, Kondo! Mwambie, kazoea kulala mapema huyo!" Na wewe ulicheka. Ulikuwa umekaa miguuni pake, ukacheka kwa sauti kubwa ya mtoto.

Mimi nilimtazama mgeni. Sikumtazama mama yangu wala wewe. Nilimtazama mgeni, kujua uso wake unasemaje. Nilikushika mkono nikakuvuta hadi nyuma ya nyumba, nikakuambia msibani hakuchekwi, kwa sauti iliyokufanya ulie. Kisha nikarudi mlangoni, nikainama, nikamwambia mzee wa miaka sabini:

"Mzee, tafadhali ondoka. Hapa ni msibani, siyo kilabuni. Usipoondoka namwita mtendaji wa kata."

Kicheko kilikatika. Alinitazama kutoka chini pale alipolala. Nadhani alinipa nafasi, kwa maana aliuliza taratibu, karibu kwa huruma:

"Umekasirika?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kutoa kuku, au tusi lolote, hata baya, na mambo yangeendelea. Nikasema:

"Ndiyo. Nimekasirika."

Akainuka. Alivua ile aproni, akaikunja vizuri kama fundi anavyokunja nguo ya mteja, akaiweka juu ya kiti. Akasema, "Samahani, bwana." Akaondoka na mti wake. Makaburini hakuja.

Bibi yako alinishika shati. "Mwite arudi," akasema. "Baba yako ataondoka kama mtu asiye na watu."

Nikamwambia tumechelewa.

Na yule mgeni, Neema? Nilimrudisha hotelini nikiwa nimetayarisha maneno ya kumwomba radhi kwa yaliyotokea. Njiani aliniuliza swali moja: kama hotelini pana umeme, kwa sababu simu yake ilikuwa imezima. Hakuwa ameona chochote. Joto lilimzidi, alikuwa akijipepea na ratiba yangu.

Imepita miaka minane. Mzee Kondo hakunisema vibaya kwa mtu yeyote, wala hakuacha kunisalimia. Ananisalimia vizuri mno. "Habari za asubuhi, afisa. Familia haijambo? Kazi zinaendeleaje?" Ukimsikia mtani wako anakuuliza kazi zinaendeleaje, ujue ameshakutoa kwenye utani. Nilikukataza kwenda barazani kwake. Nilikuambia umekua, una masomo. Ukweli ni kwamba sikutaka uone anavyonisalimia. Na mimi mwenyewe nilianza kwenda kazini kwa kuzunguka, ili nisipite mtaa wake.

Bibi yako alipofariki mwaka juzi, alikuja. Alikaa nyuma, akanywa chai, akanipa mkono akasema, "Pole sana, Mungu akutie nguvu," akaondoka. Hakuna aliyelala kizingitini. Tulitoka nyumbani saa nane kamili. Msiba wote ulikuwa kimya, wenye mpangilio, kama ule wa Uholanzi nilioutamani, na nikiwa pale mbele ya jeneza la mama yangu nilikuwa nikigeuka geuka kutazama barabarani, nikiomba mtu yeyote aje atutukane.

Sikwenda kumwomba msamaha hata baada ya hapo. Niliogopa asinisamehe, na niliogopa zaidi anisamehe kwa upole wake ule. Kila wiki nilipanga kwenda. Ilipofika barua yako ya chuo ndipo nilipotikisika. Wewe ndiye unayekwenda mbali sasa, mbali kuliko wapagazi wote, na nilifikiri: ni nani njiani atakayemwambia mwanangu inuka, mvivu wewe? Aliyekuwa na haki hiyo kwetu nilimfukuza mimi, tena ukiwa unatazama.

Kwa hiyo leo mchana, nilipotoka kazini, nilinunua jogoo sokoni, nikamtia kwenye kikapu, nikaenda Kanyenye. Nilikuwa bado nimevaa tai. Nilikuwa nimeandika tusi kwenye kikaratasi. Usinicheke, au cheka.

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Anashona kwa kupapasa. Aliinua kichwa nilipotoa salamu.

"Marahaba. Sauti ya afisa hiyo. Karibu kiti."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya msiba wa baba."

"Msiba wa Masanja? Ulikuwa msiba mzuri. Na wa mama pia. Ulikwenda kwa ratiba."

Sikuweza kujua kama ananitania. Nilitamani awe ananitania. Nikatoa kikaratasi, nikasoma: kwamba yeye ni Mzaramo mvivu, mla nazi, kwamba amekuwa kipofu kwa kuchungulia ngoma za watu, na kwamba nimeleta faini. Nilisoma kama ninavyosoma muhtasari wa kikao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante." Akaongeza: "Huyo jogoo mrudishe kwa mama Neema. Mna mtoto anasafiri, mpikieni."

Nilisema nisamehe, mzee. Akasema hana kinyongo, yamepita, Mungu ni mwema. Maneno yote aliyosema yalikuwa mazuri. Akarudi kwenye cherehani. Ndipo nikaelewa kwamba kuna vitu mtu anaweza kukusamehe kabisa na bado asiweze kukurudishia. Nikachukua kikapu changu. Nilipofika kizingitini, akauliza bila kugeuka:

"Anakwenda wapi huyo?"

"Uchina, mzee. Kesho, kwa treni ya jioni, kisha ndege."

Akakanyaga cherehani kidogo, akaacha.

"Yeye hakunikasirikia. Siku ile alicheka, nilimsikia. Mwambie kesho asubuhi aje hapa, yule mbuzi wa Masanja. Nimesikia anajifunza Kichina wakati hata Kiswahili anakizungumza kama anayetafuna michembe ya viazi. Na asije mikono mitupu, mchoyo kama babu yake. Aje peke yake."

Nilijibu ndiyo, mzee, nikatoka haraka kwa kuwa uso ulikuwa umeniharibika.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Jogoo amefungwa nyuma ya jiko. Mama yako nimeshamwambia asimchinje. Mchukue wewe kesho. Sijui Mzee Kondo atakuambia nini. Atakutukana, atamtukana babu yako kaburini, huenda atakuambia nguo zako mbaya na safari yako haina maana. Jibu unavyoweza. Ukishindwa, cheka. Usitafute mahali pa kuonekana mstaarabu.

Uchina itakubadilisha, na ninaomba ikubadilishe. Utaona mambo ambayo watu wa hapa hatujayaona, na siku utakayorudi utatutazama na kugundua mengi yasiyopendeza. Mengine utakuwa sahihi, na nitakuomba uyaseme, hata yaliyo yangu. Ninachoomba ni kwamba utakapokuwa unatutazama, uwe unatutazama kwa macho yako. Mimi nilitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kuchajia simu. Na kule, mtu akigonga mlango akakuuliza kama utakunywa chai, funga kitabu ushuke.

Kesho nitakusindikiza mpaka kona ya mtaa wake, kabla jua halijawa kali. Mimi nitabaki pale barabarani, sitasogea. Chukua muda wako wote. Akikuuliza nami niko wapi, mwambie ukweli, kwamba nimesimama nje. Lakini usinitetee, na usimwombe chochote kwa ajili yangu. Utani uliobaki pale dukani ni wako.

Baba yako